Sahani za Kemunto

Vijana wangu wa maabara, kabla sijasema lolote la maana wacha hili litoke kifuani: nawaonea wivu. Juzi nilikwenda hospitali Kisii mjini kwa shida zangu za uzee, na kwa kuwa nilijitambulisha kama mtu wa kazi hiyo, nikakaribishwa hadi ndani ya maabara. Kijana mmoja mwenye glavu za buluu akatumbukiza kadi ndogo kwenye mashine, akafunga mlango wake, akatoa simu mfukoni. Nikamuuliza, "Na duara utalipima saa ngapi?" Akanitazama kwa huruma. "Duara gani, mzee wangu? Kesho mashine itatoa karatasi yenyewe, dawa zote zimepangwa. Mimi naweka sahihi tu." Nilirudi nyumbani nimenuna, na mke wangu akadhani nimeambiwa nina ugonjwa mbaya.

Sisi tulikuwa tukipima duara. Miaka yangu yote ya kazi, kuanzia Uhuru ulipokuwa mchanga, niliimaliza katika hospitali ndogo ya misheni kwenye vilima vya juu ya Keroka, unapoelekea Nyamira. Kazi ilikuwa hii. Mgonjwa analetwa na kidonda kinachotoa usaha. Unachukua usaha kwa pamba, unaotesha vijidudu vilivyomo, kisha unavipaka juu ya agari, lile rojo lililoganda kwenye sahani bapa ya kioo. Juu yake unapanga vijikaratasi vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Unaiweka sahani kwenye kabati la joto, joto kama la mwili wa mtu, unakwenda zako nyumbani. Asubuhi vijidudu vimejaa sahani nzima kama utando juu ya uji, isipokuwa penye dawa inayoviweza: hapo vimekufa, umebaki uwazi wa duara. Penye dawa viliyoizoea vimesonga hadi ukingo wa karatasi, havina habari. Hivyo ndivyo tunavyoviita sugu. Unageuza sahani, unapima uwazi kwa rula, unajua mgonjwa apewe nini na asipewe nini.

Na msije mkadanganyika kama nilivyodanganyika mimi mwanzoni, kwamba dawa yenye duara kubwa kuliko zote ndiyo bora kuliko zote. Kuna dawa inayotambaa upesi ndani ya agari na nyingine inayokokota miguu. Kila moja ina kipimo chake. Mtu anayelinganisha duara la penisilini na la streptomaisini ni sawa na anayelinganisha ndizi na chai kwa kutazama ukubwa wa jani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Onsongo, mtu wa upande wa Ogembo, mkali wa macho na mpole wa ulimi. Enzi zake vijikaratasi vya dawa havikuwa vinanunuliwa. Tulivitengeneza. Alikuwa akinunua karatasi ya kukaushia wino katika duka la Mhindi mmoja Kisii mjini, anaitoboa kwa ile mashine ndogo ya ofisini ya kutobolea makaratasi, na vile viduara vinavyodondoka chini ndivyo anavyovichukua. Watu wa ofisini walitaka karatasi, sisi tulitaka matundu. Tunavikausha kwenye bati, tunavidondoshea dawa. Hata agari, shehena ikichelewa kutoka Nairobi, tuliifuata katika duka lilelile. Mama mwenye duka alikuwa nayo katika umbo la nyuzi nyeupe, anapikia vitu vyake vitamu vya maziwa. Aliamini kabisa kwamba hospitali yetu inawalisha wagonjwa vizuri sana.

Siku moja nilichoka kuchanganya vijikaratasi, maana vyote vyeupe na vyote sawa. Nikaona nijifanye mjanja. Nikachukua ile penseli inayogeuka zambarau ukiilowesha, nikaandika herufi ya dawa juu ya kila kimoja. Asubuhi nilipofungua kabati la joto karibu nipige vigelegele. Kila dawa ilikuwa na duara! Kijidudu kilichotusumbua wodi nzima kilikuwa kimekufa mbele ya kila kitu. Nikamwita Mzee Onsongo. Alitazama sahani muda mrefu, kisha akachukua kijikaratasi kitupu, kisicho na dawa yoyote, akaandika juu yake kwa penseli yangu, akakiweka kwenye sahani mpya. Kesho yake nacho kilikuwa na duara. "Mokaya," akasema, "umegundua penseli." Rangi ile ya zambarau inaua vijidudu yenyewe. Kwa hiyo, vijana, mkiona matokeo mazuri kupita kiasi, tafuteni penseli iko wapi.

Huyo mzee nilimpenda, na nilitaka anione kuwa ndiye mwanafunzi wake bora. Alipostaafu akaniachia maabara, nikaiendesha peke yangu miaka kadhaa nikiwa mfalme. Ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, kabati la joto lililowashwa kwa taa ya mafuta, jokofu la mafuta pia, na meza ya mbao. Maduara yangu hayakuwa maduara hasa. Yalikuwa na umbo la yai. Nilipima urefu, nikapima upana, nikachukua katikati, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyeangalia isipokuwa mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini wakaniletea Kemunto.

Alikuwa msichana wa Nyanchwa, Msabato, amesomea kazi Nairobi, mwembamba, anacheka kwa sauti. Nilidhani ataosha chupa. Siku yake ya kwanza alijaza maji kwenye sahani tupu, akaiweka juu ya meza, akainama hadi jicho likalingana na maji.

"Kaka Mokaya," akasema, "hii meza inateremka."

"Kisii yote inateremka," nikamjibu.

Akacheka, akaliacha hapo. Nikafikiri nimeshinda. Juma lililofuata akarudi kutoka Tabaka na bamba la lile jiwe laini wanalochongea vinyago, limepigwa randa hadi linateleza, amelipakia juu ya basi na kulipia nauli yake kama abiria. Akaliweka juu ya meza, akaliwekea vipande vya kadibodi chini yake huku na huku hadi maji ya kwenye sahani yakatulia sawasawa. Kisha akamimina agari. Asubuhi yake niliona maduara ya mviringo kamili kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Agari yangu miaka yote ilikuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili kwa sababu ya mteremko, na dawa ilikimbilia penye wembamba. Ndiyo maana ya mayai yangu.

Mnataka niseme nilifurahi? Sikufurahi. Niliumia. Nilikuwa nimekaa na meza ile miaka, nimeegemea viwiko vyangu juu yake, na hakuna siku iliyonijia akilini kuipima kwa maji. Na jibu lilikuwa jiwe la kwetu, jiwe ambalo kila mtoto wa Kisii amelikalia.

Kisha ikaanza kuwa kila siku kitu. Alinionyesha kwamba chupa ya vijikaratasi, ikitoka kwenye jokofu, isifunguliwe hadi ubaridi wake uishe, la sivyo umande unaingia ndani na dawa inaharibika. Alinionyesha kupima unene wa vijidudu: unashika mrija wenye maji yao mbele ya gazeti, na herufi zionekane, lakini kwa shida kidogo, zikionekana vizuri ni vichache, zisipoonekana ni vingi mno na duara litakuwa dogo la uongo. Akaotesha kijidudu kimoja ambacho tabia yake inajulikana, akawa anakipima pamoja na vingine, ili kikibadilika tujue kosa ni letu na si la kijidudu. Tulikiita Katekista kwa sababu hakikuwahi kwenda kombo. Jina hilo nililitoa mimi, na ndilo jambo pekee katika yote hayo lililotoka kwangu.

Mzee Onsongo alikuja kututembelea siku moja na mkungu wa ndizi. Akainua sahani moja ya Kemunto, akaielekeza dirishani, akaigeuza. Sikumwona akishika sahani yangu yoyote kwa namna ile. "Ningekuwa nimemfundisha huyu," akasema, "ningekufa na amani." Alisema mbele yangu! Ndizi zenyewe akamkabidhi yeye agawe. Nilizila, lakini hazikushuka vizuri.

Sasa niwaambie habari ya mguu wa dada yangu, maana ndiyo niliyokalia kuandika.

Bosibori ni mdogo wangu wa tumbo moja. Wakati huo alikuwa akichuma chai katika shamba la familia, amechumbiwa na kijana wa Ogembo. Alijikata chini ya goti, kidonda kikafunga juu na kuoza ndani, usaha ukaingia hadi mfupani. Tukamlaza hospitalini kwetu. Homa ilipanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Mchumba wake alianza kwa kuja kila siku ya soko, kisha akawa na shughuli nyingi.

Daktari aliyekuwa akikaa nasi alikuwa amehamishwa muda mfupi kabla ya hapo. Aliyebaki ni wa kuzunguka, Mzungu mrefu mwenye hospitali kadhaa mikononi mwake, kwetu akija Jumatano tu. Kwa hiyo alikuwa ameweka utaratibu mpya: maabara iandike matokeo kwa chaki kwenye ubao mweusi mlangoni mwa wodi, jina la mgonjwa na dawa zake, na mbele ya kila dawa herufi moja. S kwa dawa inayomweza mdudu, R kwa dawa ambayo mdudu ameizoea. Ni herufi za Kiingereza, nanyi mnazitumia hadi leo. Watu wa wodi wafuate ubao, wasimsubiri yeye. Aliwaeleza mara moja, kwa haraka, gari likiwa linanguruma nje. Kuandika ubao akapewa Kemunto kwa sababu ya mwandiko wake. Hilo nalo liliniuma, ingawa mwandiko wangu ni kweli hausomeki.

Kemunto alipima usaha wa Bosibori na kuandika: penisilini, R. Kloramfenikoli, S. Nikamuuliza dresa wa wodi, yule anayefunga vidonda na kupiga sindano, Mzee Omwenga, kama dada yangu anapewa dawa. "Anapewa vile ubao inasema," akajibu, na mtu yule hakuwa mwongo. Siku zikapita. Mguu ukazidi kuvimba. Jumatano daktari akaufungua, akaunusa, akanivuta kando.

"Mokaya, dawa sahihi haijasaidia," akasema kwa Kiswahili chake cha kunyoosha. "Nikirudi Jumatano ijayo, kama homa bado iko juu, nitakata juu ya goti. Nisipokata atakufa. Mwambie mama yako."

Mama alikuwa ameshafariki, lakini sikumsahihisha. Nilimwambia Bosibori mwenyewe. Hakulia. Aliuliza tu kama mtu anaweza kuchuma chai kwenye mteremko kwa gongo, nami nikasema ndiyo, na sote wawili tulijua mashamba ya kwetu yalivyosimama.

Nilipotoka pale nilikuwa na wazo moja kichwani: Kemunto amekosea. Ilikuwa lazima awe amekosea. Dawa iliyoandikwa S imetolewa na mguu unaoza, basi S hiyo ni ya uongo, na aliyeiandika ni yule mwenye maduara ya kupendeza. Naapa kwamba katikati ya hofu yangu yote kwa ajili ya dada yangu kulikuwa na chembe ya furaha. Nilijiambia: sasa tutaona.

Lazima mjue jinsi tulivyogawana siku. Yeye Msabato, Jumamosi hashiki kazi. Mimi Mkatoliki, Jumapili niko misa. Kwa hiyo Jumamosi maabara ilikuwa yangu peke yangu na Jumapili yake. Jumamosi ile nilichukua usaha mpya kutoka mguuni mwa Bosibori, nikaandaa kila kitu kwa uangalifu ambao sijapata kuwa nao tena maishani. Nilitumia bamba lake la jiwe. Niliacha chupa yake ubaridi uishe. Nilishika mrija mbele ya gazeti. Nilitaka kosa likitokea lisiwe langu hata kidogo. Nikaweka sahani nyuma kabisa ya kabati la joto, nimeikinga na chupa, nikaenda nyumbani.

Kitu ambacho akili yangu haikufikia ni kwamba kesho yake ilikuwa Jumapili, na anayefungua kabati Jumapili ni yeye.

Nilitoka misa kabla ya baraka ya mwisho, Mungu anisamehe hilo. Nilipoingia, sahani yangu ilikuwa juu ya meza, katikati kabisa ya bamba, na rula imelazwa kando yake. Kemunto alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Pima," akasema.

"Kemunto, mimi nilitaka tu..."

"Pima mwenyewe, kaka. Mimi sijaigusa isipokuwa kuitoa. Nisije nikakusaidia vibaya."

Nikapima. Penisilini hakuna duara kabisa, vijidudu vimekumbatia karatasi. Kloramfenikoli, duara pana, safi, la mviringo kamili. Sawasawa na alivyoandika yeye ubaoni. Katekista naye alikuwa ametulia mahali pake. Sikuwa na pa kutorokea. Niliirudia rula mara nyingi, na kila mara ikasema vilevile, na uso ukaniwaka kama nimepigwa kofi.

"Umeridhika?" akauliza. Sauti yake ilitetemeka, nikajua amekasirika pia, na hata katika hasira alikuwa na adabu kunishinda.

"Kama hii ni kweli," nikasema, "mbona mguu unaoza?"

Yeye akawa anaitazama sahani na mimi ninamtazama yeye. Maana ikiwa sahani haisemi uongo, na dawa inatolewa, basi kati ya hayo mawili, sahani na utoaji wa dawa, kuna moja ambalo hatujaliangalia kwa macho yetu. Sahani nilikuwa nimeimaliza. Nikatoka mbio kwenda wodini, nikiwa bado na rula mkononi.

Mzee Omwenga alikuwa kando ya kitanda cha Bosibori, ameinua sindano kwenye mwanga, anaigonga kutoa mapovu. Chupa ndogo ilikuwa kwenye trei, ile ya unga mweupe unaotiwa maji. Mtu wa maabara hahitaji kusoma lebo ya chupa ile.

"Mzee," nikasema, "hiyo ni nini?"

"Penisilini."

"Nani amesema apewe penisilini?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyekunywa. "Si nyinyi? Ubao imesema. Njoo uone." Akaweka sindano chini, akanishika mkono hadi mlangoni, akanyoosha kidole kwenye mwandiko mzuri wa Kemunto. "Penisilini, R. R ni rahisi. Hii mdudu ni rahisi kwa penisilini. Hii ingine, S. S ni sugu. Sasa mimi nitapea mgonjwa dawa ya sugu, nimekuwa mwendawazimu? Hata mtoto ya darasa ya tatu anajua sugu."

Vijana, msimcheke. Mzee yule hakuwa mzembe. Aliambiwa herufi mbili za lugha ambayo hakuizungumza, gari likinguruma, akazitafutia mahali pa kukaa katika lugha aliyokuwa nayo, na Kiswahili kikampa maneno mawili yanayofaa kabisa, kila moja kinyume chake. Tangu ubao ule uanze, wodi nzima ilikuwa ikipewa dawa zilizoshindwa na kunyimwa zilizoweza. Wenye majipu walipona kwa sababu majipu hupasuka yenyewe. Wengine walihangaika muda mrefu, nasi tukadhani ni kawaida ya vidonda. Dada yangu alikuwa na mfupa, na mfupa haudanganyiki.

"Mzee," nikamwambia, "geuza. Zote. Sasa hivi."

"Yaya," akasema, yaani hapana, kwa Kigusii chetu, na sikumwelewa vibaya. Hakuwa anakataa. Alikuwa amekaa chini kwenye benchi na kofia mikononi. "Yaya, yaya, yaya. Hao watu wote."

Bosibori alipata kloramfenikoli yake ya kwanza mchana uleule. Nilisimama pale hadi akaimeza. Kisha nikarudi maabara kumwambia Kemunto, na nakiri nilirudi natembea kifua mbele, kwa sababu hili nilikuwa nimeligundua mimi. Si yeye, mimi. Nilimsimulia nikicheka kidogo, rahisi na sugu, nikingoja aseme kitu kama alichosema Mzee Onsongo.

Hakucheka. Aliuliza, "Wangapi?" Nikasema sijui. Akachukua kitambaa chenye maji, akaenda wodini, akafuta ubao wote mbele ya Mzee Omwenga. Kisha akaandika upya, mgonjwa mmoja mmoja, bila herufi yoyote. Mbele ya dawa inayofaa alichora kitone na duara pana kukizunguka. Mbele ya dawa isiyofaa, kitone kisicho na uwazi, kimezungukwa na chaki pande zote. Alichora sahani yenyewe! Alimleta Mzee Omwenga hadi maabara, akampa sahani yangu aishike dirishani, akamwonyesha kwa kidole. "Penye uwazi, mdudu amekufa. Pasipo na uwazi, mdudu yuko hapo anakula." Mzee akaitazama sana. "Kumbe ndiyo hii," akasema. "Kumbe kila siku mnaona hii na mimi napewa herufi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nilikuwa na miaka mingi katika chumba kile na sikuwahi kumleta mtu wa wodi aone sahani. Na zaidi ya hapo, sahani aliyoishika mzee ilikuwa yangu, nimeimimina mimi, nimeipanga mimi, lakini ungemuuliza Omwenga hadi anaingia kaburini, angekwambia alionyeshwa sahani ya Kemunto.

Jumatano daktari alikuja na vyombo vyake vya kukatia. Homa ilikuwa imeshuka tangu jana yake. Akabonyeza mguu, Bosibori akalia kwa sauti yenye nguvu, na daktari akatabasamu, maana mgonjwa wa siku zilizopita hakuwa na nguvu ya kulia. Akaomba vyombo virudishwe garini. Kisha akasimama mbele ya ubao.

"Nani amechora haya?"

"Mimi," Kemunto akasema. "Na herufi za kwanza pia zilikuwa zangu. Kosa lianzie kwangu, si kwa Mzee Omwenga."

Daktari akamshika mkono. Nilifungua mdomo kusema kwamba aliyekwenda wodini na rula ni mimi. Lakini mtu akishachukua lawama mbele yako namna ile, utaanzia wapi kudai sifa? Alinifungia mlango kwa uungwana wake, na sidhani alijua. Haukupita mwaka, nafasi ya kusoma zaidi ikaja, jina lililotajwa likawa moja, na sikuhitaji kuuliza ni lipi. Alipanda gari Keroka na sanduku la bati, akaniachia bamba la jiwe na Katekista. Nilimpungia mkono hadi gari likapotea kwenye kona, na nilikuwa namwonea wivu na kumkosa kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Kwa hiyo somo lenyewe nawapa bila kulizungusha. Mashine yenu isiyo na mteremko na isiyo na penseli bado inaandika S na R mwishoni. Nyanyukeni kwenye viti. Nendeni mkamwone anayezisoma, mmuulize kwa lugha yake zina maana gani, na msitosheke na "ndiyo, naelewa."

Bosibori alipona, ingawa kovu lake ni refu. Kijana wa Ogembo akapata nafasi tena katika shughuli zake, wakaoana. Ujauzito wa kwanza ulipofika nilianza kurusha maneno pembeni, kwamba akizaliwa mvulana, kuna watu katika ukoo huu waliokimbia na rula, na jina lao si baya hata kama bado wako hai. Alizaliwa msichana. Hapo nikatulia, maana jina lilikuwa linajulikana: kwetu mtoto hurithi jina la aliyetangulia, na mama yetu alikuwa anangoja.

Nilikwenda Ogembo kumwona mtoto. Nikauliza anaitwa nani. "Kemunto," Bosibori akasema.

"Kemunto yupi?"

"Unamjua Kemunto mwingine?"

"Bosibori, Kemunto hajafa! Yuko Nairobi anakula ugali! Unampaje mtoto jina la mtu aliye hai, na si wa damu yetu, na mama yako hana jina duniani?" Kisha likanitoka lile lililokuwa limekaa miaka yote. "Na aliyegundua ni mimi. Mguu huo ni mimi."

Alinitazama bila ukali wowote. "Mokaya, nilikuwa nimelala pale, nilikuona. Jumamosi ile ulipokuja na pamba yako, hukunitazama usoni hata mara moja. Ulikuwa unatafuta kosa la Kemunto. Yeye alipokuja Jumapili jioni, alikaa kitandani akaniuliza mguu unauma wapi."

Nilitaka kumwambia kwamba nisingelitafuta kosa hilo mguu ungekatwa. Ni kweli tupu, na ninyi mliosoma hadi hapa mnajua kwamba ni kweli. Nilikuwa nimeshalipanga neno mdomoni. Lakini mtoto akaanza kulia chumba cha ndani, na Bosibori akainuka kwa miguu yake miwili, akaenda kumchukua, akimbembeleza kwa jina.